Bahari Iliyoishia Dodoma

Jana usiku niliota nimekuwa nchi.

Haya, cheka umalize. Mimi mwenyewe sikucheka, maana ndotoni nilikuwa na kazi. Niko jikoni kwangu Pangani, nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, samaki wako kwenye karai wanakaangika, moshi umenijaa machoni. Mimi naitwa Mashavu, kazi yangu ni kukaanga samaki na kuuza, na hata usingizini sikupewa likizo.

Mbuzi ikasema, "Bi Mashavu, hebu inuka kidogo. Nataka kufungua mahakama."

Nikainuka. Ndotoni mtu hashtuki mahali pa kushtuka. Kilichonishangaza ni kule kuitwa Bi, wakati miaka yote hii naikalia bila hata kuiomba radhi.

Mbuzi ikajinyoosha, ule ulimi wake wa chuma ukawa unang'aa, bado una machicha ya nazi. Ikasema, "Mlango wako wa nyuma unatazama bahari. Kwa hiyo kuanzia sasa wewe ni Nchi ya Pwani. Una haki, na una wajibu. Tuanze na lipi?"

"Haki," nikasema. Mimi si mjinga.

"Kuanzia kizingiti chako cha nyuma, pale maji yanapokupwa kabisa, kwenda mbele maili mia mbili za baharini, samaki wote ni wako. Wako kuwavua, wako kuwatunza, wako kuwasimamia. Meli zitapita, hilo huwezi kulizuia. Ndege zitaruka. Lakini hao samaki, mtu hawagusi bila ruhusa yako."

"Mie?"

"Wewe."

"Maili mia mbili?"

"Mia mbili."

Wallahi kichwa kilinivimba. Nikafuta mikono kwenye kanga na kusimama vizuri, nikae kinchi-nchi. Nikatamani shangazi yangu marehemu angekuwepo aone, maana yeye ndiye aliyesema sitafika popote.

"Na huo wajibu?" nikauliza, basi tu, kwa heshima.

"Utasema ni samaki wangapi wavuliwe bila bahari kuisha. Utasema wewe mwenyewe unawaweza wangapi. Wanaobaki hapo katikati ndio ziada. Ziada huruhusiwi kuikalia. Unawapa wengine nafasi, na wa kuangaliwa mapema ni nchi jirani isiyo na bahari. Tangaza ziada yako kabla maji hayajageuka. Yakigeuka kabla hujatangaza, basi tena, jirani yako atakuwa ameikosa moja kwa moja."

"Nchi jirani gani hiyo isiyo na bahari?"

Mbuzi ikaelekeza ulimi wake ukutani. Upande wa pili wa ukuta ule anakaa Kalunde.

Nikasema, "Hakuna ziada."

Hapa ngoja nitoke ndotoni kidogo, la sivyo utaniona mchoyo bure. Kalunde ni mtu wa Nzega, huko Tabora. Mumewe ni mwalimu wa sekondari, aliletwa hapa kikazi, na Kalunde akamfuata. Alikuja hajui mtu. Bahari anaiogopa vibaya sana, tangu afike hajaingiza hata kidole. Mimi ndiye niliyempokea. Mimi ndiye niliyemfundisha kumla samaki changu bila kupaliwa na mwiba, na kila nikikaanga, sahani moja ilipita kwake kabla sijamuuzia mtu yeyote.

Sasa kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Mtoto wa miaka mitatu analijua hilo. Unatia chochote, ndimu mbili, kipande cha muhogo, ukikosa kabisa unatia chumvi kidogo kwenye karatasi. Kalunde alikuwa akinirudishia sahani tupu. Imeoshwa, inang'aa mpaka unajiona ndani yake, na tupu! Mwanzo nikasema ni mgeni huyu. Halafu nikasema amesahau. Mwishowe nikasema huyu mwanamke ananidharau, na nikaacha kumpelekea. Yeye hakuuliza, mimi sikusema. Tangu kabla ya Ramadhani tulikuwa tumenuniana, ukuta mmoja, namsikia hata akipiga chafya, na salamu hakuna.

Juzi nikasikia mumewe kahamishwa, wanarudi bara. Siku yenyewe ni leo asubuhi. Roho iliniuma, sikufichi. Mara mbili nilifika mpaka mlangoni kwake, mara mbili miguu ikanirudisha. Ndiyo hali niliyolala nayo.

Basi turudi ndotoni.

"Hakuna ziada," nikarudia, mbuzi isije ikasema haikusikia.

"Kwanza tupime," mbuzi ikasema. "Mpimaji!"

Akaingia kaa. Kaa mkubwa, amevaa kofia, kamba ya kupimia ameizungusha kwenye gando. Akashikiza ncha moja ya kamba kwenye kizingiti changu cha nyuma, akaniamkia vizuri, akaanza safari. Lakini kaa ni kaa. Mimi nilitegemea atakwenda mbele, kuelekea kwenye maji. Yeye akaenda upande. Akapita kwenye korido yangu, akapenya ukutani kwa Kalunde, akavuka barabara, akakatiza uwanja wa shule, na kushika njia ya bara.

"We kaa! Bahari iko huku!"

"Bibi, mimi natembea ninavyojua kutembea," akajibu kwa mbali. "Kamba ikishalala, imelala."

Nikaitazama mbuzi. Mbuzi ikasema mpaka ukishawekwa haupingwi jikoni.

Ndipo nikasikia hodi. Nafungua mlango wa nyuma, ni bahari. Imesimama pale nje, imejikusanya, inaangalia kamba kama mgeni anayetafuta pa kuweka kandambili zake. "Karibu," nikasema, ningesemaje? Ikaingia polepole, kwa adabu, maji mpaka magotini, haikumwaga hata kikombe. Ikaifuata kamba, ikapita chini ya ukuta, ikaenda zake bara.

Sasa nimesimama ndani ya bahari yangu. Chungu kinaelea. Kuku wamepanda juu ya kabati wananiangalia kwa lawama. Mbele yangu samaki wamejipanga foleni, changu, vibua, tasi, kolekole, kila mmoja na tabia yake, wanasukumana.

"Panga," mbuzi inasema.

Nikapanga. Hilo nililiweza vizuri, na sijisifu. Kibua mmoja mnene akainua pezi, akasema, "Mimi nina mayai, usinihesabu." Nikamwambia akae kule, wote wenye mayai kule. Wadogo nikawarudisha. Samaki mdogo nimemjua miaka mingi, ukimtia kwenye mafuta anageuka kijiti, hafaidi mlaji wala mwuzaji. "Nendeni mkakue," nikawaambia. "Msionekane hapa mpaka mfike urefu wa kiganja changu na vidole vyake vyote." Wakaondoka wanalia kidogo, wakasahau, wakaanza kucheza.

Waliobaki nikaanza kuwachukua. Nikajaza karai. Nikajaza ndoo. Nikajaza sufuria zote, hata ile ya pilau la shughuli ambayo si yangu. Nikatazama. Foleni bado ipo.

"Na sisi?" akauliza kolekole mmoja wa mbele.

"Nyie ni wangu pia."

"Wako tunajua. Lakini hutuwezi. Karai limejaa."

"Nitanunua karai lingine."

"Ndotoni hakuna duka," mbuzi ikasema.

"Hata hivyo, hakuna ziada!"

Kila niliposema hakuna ziada, foleni ikaongezeka. Mkia wake sasa uko nje ya mlango, sasa uko kwenye mnazi, sasa siuoni. Wote wananitazama kwa yale macho yao yasiyofumba. Jaribu wewe kumdanganya mtu asiyepepesa.

Katikati ya vurugu hiyo akapita jodari, ameshika sanduku la safari, anahema. Akaomba maji ya kunywa. Nikamwuliza naye yumo kwenye foleni?

"Mimi mpitanjia tu, mama. Natoka Msumbiji, nakwenda Ushelisheli, nikitoka hapo sijui wapi. Kila ninapopita wananiambia, wewe ni wetu. Nikawaambia basi kaeni mzungumze wenyewe mnaonigombea, mkubaliane."

"Wamekubaliana?"

"Hawasemeshani," akasema jodari. Akanywa, akanirudishia kikombe. "Wasiposemeshana, mimi ndiye nitakayeisha." Akachukua sanduku lake akaenda. Sikulipenda neno lile. Nilijifanya natafuta mwiko.

Ghafla jiko likawa na giza. Meli inaingia. Meli nzima, ndefu, ya chuma, inapita mlangoni kwangu bila kugusa hata fremu. Usiniulize iliwezaje. Ina bendera sijaiona katika maisha yangu, imechorwa kijiko na uma. Wavu wake unaburutwa korido nzima, unazoa mkeka wangu, unazoa samaki, unazoa kila kitu.

"Nyie! Kwenu hakuna hodi?"

Mwanamume mwenye masharubu makubwa, yamechanwa vizuri, akachungulia kutoka juu. "Shikamoo mama. Mimi ndiye nahodha."

"Marahaba. Mnafanya nini ndani ya bahari yangu?"

"Tumesikia hapa kuna samaki wa bure. Mwenyewe hawawezi, jirani kanyimwa. Habari kama hizo hufika mbali sana, mama. Huko kwetu zilifika kabla ya chakula cha mchana."

"Nani kakupa ruhusa?"

"Hakuna," akasema kwa upole. "Lakini pia hapakuwa na mtu anayewataka."

Mbuzi ikaninong'oneza. "Una haki ya kupanda, kukagua, na kumkamata." Mbona hukusema mapema! Nikaiweka mbuzi kwapani, maana mahakama haiachwi nyuma, nikashika mwiko, nikapanda ngazi ya ile meli nikiwa na kanga yangu ya jikoni yenye matone ya mafuta. Mabaharia wakanipisha. Nikasema, "Fungueni tumbo la meli." Wakafungua.

Nilitegemea kuona samaki. Niliona sahani.

Sahani zangu zile zenye maua ya bluu kwenye ukingo. Zimepangwa kutoka chini mpaka juu, kila moja ina samaki, kila moja bado inatoa moshi. Nikaona moja ya changu wawili na pilipili ya kusaga pembeni, vile anavyopenda Kalunde. Nikaona ya siku ya kwanza ya Ramadhani. Nikaona ya Idi, yenye nguru, nimekata vipande vikubwa. Nikaona ya siku ile alipokuwa na homa, nikamsikia anakohoa usiku kucha, nikajifunika shuka mpaka kichwani.

"Hizi ni nini?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Ni zile ambazo hukupeleka," nahodha akasema. "Zilikuwa zinaelea tu hapa ukutani, kati ya nyumba na nyumba. Tukaona zitaharibika. Tunazipeleka mbali, kwa watu wasiokujua hata jina."

Nikakaa kwenye ngazi ya chuma. Halafu hasira ikanijia, na hasira yangu ikija haichagui. Nikamkamata nahodha kwenye kola.

"Huyu nakwenda kumfungia stoo, kwenye magunia ya mkaa! Mpaka azeeke!"

"Hafungwi," ikasema mbuzi kutoka kwapani.

"Eti nini?"

"Kosa la samaki ndani ya maili mia mbili halina kifungo, labda iwe nchi yake na yako mmekubaliana hivyo. Chukua dhamana ya kiasi, halafu muachie mara moja, yeye na watu wake na meli yake."

"Mimi ni nchi ya aina gani nisiyeweza hata kumfunga mwizi?"

"Nchi yenye sheria," mbuzi ikasema.

Nahodha akafikiri, akaingiza mkono mfukoni, akautoa mtupu. Kisha akayavua masharubu yake, taratibu, kama mtu anavyovua miwani, akaniwekea kwenye kiganja. Yalikuwa na joto. Bila masharubu alikuwa kijana tu, na mdomo wake ulikuwa na huzuni. Akasema akimaliza kesi atayafuata. Nikayatia kwenye pindo la kanga nikafunga fundo.

"Sahani zinabaki," nikasema.

"Zinabaki," akakubali. "Lakini fanya haraka, mama. Maji yameanza kusita."

Nikatazama. Kweli, bahari ilikuwa imetulia kabisa pale koridoni, haipandi haishuki, inavyokuwa dakika ile kabla haijageuka. Mbuzi ikanikumbusha kwa sauti ya hakimu kwamba ziada ambayo haijatangazwa mpaka maji yanageuka jirani haipati tena, leo wala siku nyingine.

"Basi nimetangaza! Ziada ipo! Kalunde achukue!"

"Anasikia?"

Nikaita ukutani. "Kalunde!" Nikapenya ukuta, ndotoni si kazi kubwa, nikajikuta sebuleni kwake. Sebule tupu. Mapazia yametolewa. Pale lilipokuwa kabati pamebaki alama ya mraba ukutani, na maji yangu yanapita katikati ya chumba, yanapiga kuta, yanarudi. Ameshaondoka.

Nililia hapo. Nasema wazi.

Halafu nikazipanga zile sahani kwenye sinia, zikaenea zote, sijui vipi, nikajitwika. Mbuzi kwapani, masharubu kwenye pindo. Nikaifuata kamba ya kaa.

Natembea. Maji magotini. Nimepita shuleni, wanafunzi wamekaa madarasani wanaimba hesabu, samaki wanapita chini ya madawati, mwalimu anawaambia wasigeuke. Nimepita Muheza. Nimepita Handeni, machungwa yanaelea, wauzaji wanayavua kwa chandarua. Kiteto ng'ombe wamesimama baharini wanatafuna kama hakuna lililotokea, na mchungaji mmoja kaniuliza, "Mama, hii itakaa mpaka lini?" Nikamwambia mpaka igeuke. Akasema sawa. Mgongoni mwa ng'ombe mmoja alikuwa amekaa tasi, wanapiga soga.

Bahari ikaishia stendi ya Dodoma. Haikufika mbele hata hatua. Imekatwa pale kwa mstari ulionyooka, huku maji, huku vumbi. Kaa ameketi kwenye ncha ya kamba yake, kofia ameiweka pembeni, anajipepea. "Mia mbili kamili," akasema. "Kwenu Nzega hazifiki."

Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anamwambia Kalunde, aliyesimama upande wa vumbi, kajitanda kanga ya kijani, mfuko mkononi, anayatazama maji kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

"Kalunde."

"Dada Mashavu," akasema. Vile vile alivyokuwa akiniita. Kama jana.

"Nimekuletea samaki."

"Mbali hivi?"

"Njoo uchukue."

Hakusogea. "Uliacha kuniletea," akasema.

"Ulikuwa unanirudishia sahani tupu!" Lilitoka hilo, miezi yote hiyo limenikaa kooni, likatoka kwa sauti mpaka wapiga debe wa stendi wakageuka.

Kalunde akanitazama, ameshangaa kweli. "Zilikuwa hazijatakata?"

"Zilitakata mno! Ndiyo iliyoniudhi! Huku kwetu sahani hairudi bila kitu. Hata ndimu, Kalunde. Hata ndimu moja iliyokauka!"

Basi la Singida likapiga honi, likaondoka. Kisha Kalunde akasema, "Mama yangu alinifundisha tofauti, dada. Aliniambia jirani akikupa chakula, ukimrudishia na kitu ndani, umemlipa. Ukishamlipa, mmemalizana. Mimi sikutaka tumalizane."

Yalaiti ningekuwa samaki nisingelia, maana wao hawajui kulia. Lakini mimi nililia mbele ya stendi nzima, na machozi yakaingia baharini, na bahari ikaongezeka kidogo, ikasogea nusu hatua kuelekea Nzega. Kaa akaruka juu.

"Usinivurugie mpaka!"

"Nyamaza wewe, ndiye uliyetembea upande," nikamwambia.

Maji sasa yako karibu kabisa na vidole vya Kalunde. Amerudi nyuma. Nami nasikia mgongoni bahari imeanza kuvuta, inageuka, inataka kwenda kwao. Nikatia mguu mbele nivuke nimkabidhi sinia, mbuzi ikanizuia.

"Hapana. Hapelekewi kama maskini. Ana haki ya kushiriki. Aje mwenyewe, achukue mwenyewe."

"Anaogopa bahari!"

"Sheria haikusema asiogope," mbuzi ikasema.

Kalunde akaukumbatia mfuko wake. "Naogopa, dada."

"Na mimi naogopa."

"Wewe unaogopa nini? Bahari yako hii."

"Naogopa usipokuja," nikasema. "Huko Nzega nitakufuata na nini mimi? Ukiondoka hivi, ndiyo tumeondokeana. Kanyaga, Kalunde. Ni maji tu. Yamekwenda shuleni, yamepita sokoni, hayajamla mtu. Kanyaga, nimekushika."

Nilikuwa sijamshika. Alikuwa hatua mbili mbele yangu. Lakini nilinyoosha mkono.

Akainua pindo la kanga, akafumba macho, akakanyaga. Mguu mmoja. Akapiga yowe. Akatia wa pili. Akafumbua macho, akaangalia chini, akasema, "Kumbe ni ya baridi," kwa sauti ya mtu aliyekuwa anadanganywa miaka mingi. Nikamshika.

"Natangaza!" nikapiga kelele. "Ziada ipo, na mwenyewe huyu hapa!"

Mbuzi ikasema, "Imesikika."

Hapo hapo bahari ikageuka. Siyo kwa adabu safari hii. Ikavuta kama anavyovutwa mtu aliyechelewa, ikatubeba sote, mimi, Kalunde, sinia, mahakama, kaa na kofia yake, Kiteto tukaipita kinyumenyume, Handeni sikuiona kabisa. Kalunde kaning'ang'ania kanga, sijui anacheka au anapiga mayowe. Nikauona ukuta wa nyumba yetu unakuja. Nikagonga kichwa.

Nikaamka. Nimegonga kichwa kweli, kwenye ukuta huo huo, upande wa Kalunde. Nje kumepambazuka.

Sakafu ilikuwa kavu. Nikapekua pindo la kanga, hamna masharubu ya mtu. Nikaenda jikoni, mbuzi imeegemea pembeni, nikaiamkia, haikuitikia. Basi ni ndoto, nikasema, na kilichokuwa cha kweli kilikuwa kinasikika nje. Kirikuu, kigari cha mizigo, kinanguruma mlangoni kwa Kalunde, na mumewe anamwelekeza utingo namna ya kufunga godoro.

Nilitoka vile vile, kichwa wazi, bila kunawa uso. Mwalimu akanisalimu, nadhani nilimwitikia. Kalunde alikuwa ameketi kwenye kizingiti chake, kanga ya kijani, amejikunyata, anangoja vyombo vimalizike kupakiwa.

"Kalunde," nikamwita.

Akainua uso. Miezi yote hiyo! Hakununa wala hakugeuza uso, alinitazama tu, macho mekundu ya mtu ambaye hakulala vizuri. Akasimama kunifuata, akainua pindo la kanga ili ashuke ngazi. Pindo lilikuwa limelowa. Nikamtazama miguuni. Kwenye vifundo vyote viwili chumvi imekauka, nyeupe, imepiga mstari, na kati ya vidole vya mguu wa kulia kuna unyuzi wa mwani.

"Ulikwenda baharini?" nikamwuliza.

"Mimi? Bahari? Wewe hunijui?"

Akafuata macho yangu. Akaitazama miguu yake, mmoja, kisha mwingine. Akainama, akautoa ule unyuzi wa mwani, akawa anauzungusha kidoleni mpaka mumewe akaita kwamba wanachelewa basi. Kalunde hakugeuka. Akanisogelea, akasema polepole, mwalimu asisikie.

"Si wewe uliyeniambia nikanyage?"

Nikamshika mkono nikamwingiza ndani kwangu, nikabandika karai. Dereva wa kirikuu akapiga honi, akapiga tena, tukamwacha apige.